Waraka, Hati na Daftari: Historia ya Lugha ya Umiliki wa Ardhi katika Afrika ya Mashariki

Nia ya makala haya ni kueleza historia ya maandishi ya namna moja ambayo sisi tushughulikao na lugha tumezoea kuwaachia wanasheria, yaani hati za mashamba na nyumba, pamoja na madaftari ya serikali ambamo hati hizo zimeandikwa. Tumechunguza tenzi, barua za kale na habari za miji, na kazi hiyo imezaa matunda mema. Lakini yako maandishi yaliyogusa maisha ya watu wengi kuliko utenzi wo wote, nayo ni waraka wa shamba. Utenzi ukipotea, fasihi hupata hasara. Waraka ukipotea, mjane huweza kuhamishwa nyumbani kwake.

Jambo ninalotaka kuonyesha ni kwamba, katika muda wa miaka 150 hivi iliyopita, kweli ya umiliki imehama mara mbili. Kwanza ilitoka katika ulimi wa shahidi ikaingia katika karatasi. Kisha ikatoka katika karatasi ikaingia katika daftari la serikali. Katika kila safari ilibadili lugha, na mara nyingine ilibadili herufi pia. Kwa sababu hiyo, mtu aendaye leo katika ofisi ya ardhi kutafuta hati ya babu yake anakabiliwa na kazi ambayo nusu yake ni ya sheria na nusu ni ya lugha. Hana budi kujua jambo lile liliandikwa kwa lugha gani, kwa mwandiko gani, na chini ya jina gani.

Maneno yenyewe

Yafaa tuanze na maneno, kwa maana kila tabaka la historia hii limeacha alama yake katika msamiati wetu.

Tabaka la kwanza ni la Kiarabu. Neno hati latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mstari au mwandiko. Kwa asili halihusu mali hata kidogo, na mpaka leo twasema kuwa mtu fulani ana hati nzuri, tukikusudia mwandiko wa mkono wake. Waraka ni karatasi, au jani. Mkataba ni neno la shina lile lile la kitabu na katibu. Rehani, wakfu, milki, stakabadhi na shahidi ni maneno ya sheria ya Kiislamu yaliyoingia pamoja na mahakama za makadhi. Neno sahihi, ambalo leo ni jina la alama ya mkono wa mtu chini ya maandishi, kwa asili ni sifa tu: jambo lililo kweli, lisilo na kasoro. Daftari limepita katika Kiarabu na Kiajemi, nalo chanzo chake ni neno la Kiyunani lililokuwa na maana ya ngozi, kwani zamani ngozi ndiyo iliyoandikwa. Masjala na msajili ni ya shina moja, na shina hilo nalo lina safari ndefu: Waarabu walilipata kutoka kwa neno la Kirumi lenye maana ya muhuri.

Tabaka la pili ni la Bara Hindi. Cheti na karani ni maneno ya biashara na ofisi yaliyovuka bahari pamoja na wafanya biashara na waandishi wa Kihindi, na hundi vile vile. Tabaka la tatu ni la Kiingereza: ofisi, fomu, risiti, leja, eka. Tabaka hili limeingia pamoja na kaunta, yaani ile meza ndefu ambayo karani hukaa upande mmoja na mwombaji husimama upande wa pili.

Maneno ya Kibantu tunayo pia, lakini twaona yanataja mambo ya ardhi yenyewe kuliko mambo ya karatasi: mpaka, kiwanja, kijiji, ukoo. Mgawanyo huu si wa bahati. Waonyesha kuwa kumiliki ardhi kulikuwako kabla ya karatasi, na kwamba karatasi ilikuja pamoja na dola na biashara za watu wa mbali.

Waraka wa kadhi

Katika miji ya pwani, kabla ya utawala wa Wazungu, mauzo ya shamba au nyumba yaliandikwa na kadhi au mwandishi ajuaye sheria. Maandishi hayo yalifuata utaratibu uliojulikana katika nchi zote za Kiislamu: yalianza kwa jina la Mungu, yakataja muuzaji na mnunuzi kwa majina yao na ya baba zao, yakataja mali, bei, mipaka, mashahidi, na tarehe kwa mwaka wa Hijra. Mali ilitajwa kwa namna iliyofaa mahali pake. Mara nyingi shamba lilijulikana kwa minazi au mikarafuu iliyomo, maana pwani yetu miti yaweza kuwa ya mtu mmoja na udongo ukawa wa mwingine. Hali kadhalika nyumba: mpaka leo Mombasa ina watu wengi wenye nyumba zisizokuwa na ardhi, yaani kuta na paa ni zao lakini kiwanja ni cha mtu mwingine.

Mipaka ilitajwa kwa pande nne na kwa majirani. Upande huu kuna shamba la fulani. Upande ule kuna njia iendayo kisimani. Upande wa tatu kuna bahari. Kiswahili kina hazina ya majina ya pande hizo ambayo wengi wamekwisha kuyasahau. Kibla kwa mtu wa pwani yetu ni upande wa kaskazini, kwa kuwa Makka iko huko. Suheli ni kusini, kwa jina la nyota. Matlai ni upande wa mawio ya jua. Mtu asiyejua maneno haya akisoma waraka wa kale, au tafsiri yake iliyofanywa kwa haraka, aweza kuligeuza shamba likaangukia upande usio wake.

Lakini tusiusifu waraka huu kupita kiasi. Mara nyingi uliandikwa kwa Kiarabu, ijapokuwa muuzaji na mnunuzi walisemezana kwa Kiswahili. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na tafsiri kati ya maneno na maandishi, na mtu asiyejua kusoma alimtegemea mwandishi. Kilichomlinda ni sheria yenyewe. Katika mafundisho ya kale ya fikihi, karatasi peke yake haikuwa ushahidi kamili. Ilikuwa ukumbusho, na mashahidi ndio waliosema mbele ya kadhi. Ulimi ulikuwa juu ya karatasi.

Jambo jingine la kukumbukwa ni mahali waraka ulipowekwa. Haukuwekwa ofisini. Uliwekwa na mwenye mali, katika kasha, pamoja na vitu vya thamani vya nyumba. Mtu aliyetaka kuona hati alikwenda kwa mwenye shamba, wala hakwenda kwa serikali.

Karatasi isiyosomeka kwa aliyeitia alama

Badiliko kubwa lilianza katika mwezi wa Novemba 1884, Carl Peters alipopita katika Usagara, Nguru, Useguha na Ukami akikusanya mikataba. Maandishi yalikuwa ya Kijerumani. Wazee waliotia alama zao hawakuweza kuyasoma, na walichoambiwa na wakalimani hakikuandikwa mahali po pote. Hata hivyo karatasi zile zilipelekwa Berlin, na tarehe 27 Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani akatoa barua ya ulinzi kwa kampuni ya Peters. Sultani Barghash alipinga, lakini bure. Hapa twaona karatasi ikikaa juu ya ulimi kabisa: waliosema hawakuulizwa tena, na kilichoandikwa ndicho kilichohesabiwa.

Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Ujerumani ilitoa amri kuwa ardhi yote ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani isiyokuwa na mwenyewe ni ya Taji, isipokuwa mtu aweze kuonyesha haki yake. Mzigo wa kuonyesha haki ulimwangukia zaidi mwenyeji asiye na karatasi. Wachagga, kwa mfano, walikuwa na masale, ile mimea waliyoipanda mipakani na kuiheshimu vizazi kwa vizazi. Isale lilikuwa hati iliyosomwa na kila mtu wa Kilimanjaro, lakini halikuweza kubebwa na kuwekwa mezani kwa bwana shauri.

Wajerumani waliandika ardhi zilizogawiwa walowezi na makampuni katika madaftari yao, kwa lugha yao na kwa tahajia yao. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za utawala wao imo katika Nyaraka za Taifa za Tanzania, na mwaka 1997 ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Mtafiti azifunguapo lazima ajue kuwa Bagamoyo ni Bagamojo, kuwa Ujiji ni Udschidschi, na kuwa Kilimanjaro ni Kilimandscharo. Mambo haya yaonekana madogo, lakini faharasa haimhurumii mtu aliyekosea herufi moja.

Sheria ya 1908 na mlango wa madai

Upande wa Kenya, ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, naye kwa mapatano ya tarehe 14 Desemba 1895 aliukabidhi kwa Waingereza wautawale kwa malipo ya kila mwaka. Mwaka 1901 ilitungwa sheria ya kuandikisha maandishi ya mauzo na mikataba. Kuandikisha huko kulikuwa ni kunakili na kuweka tu. Ofisi haikusema kuwa muuzaji alikuwa na haki ya kuuza.

Ndipo ikaja sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyogeuza maana ya neno hati katika pwani ya Kenya. Sheria hii iliwataka watu wote wenye madai ya ardhi katika ukanda huo wayapeleke mbele ya ofisa maalumu. Madai yalisikilizwa, na aliyeshinda alipewa cheti cha umiliki. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Taji.

Wenye nyaraka za kadhi, wengi wao wakiwa Waarabu na Waswahili wa mijini, walikuwa na kitu cha kuweka mezani. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilishikwa na ukoo kwa desturi isiyoandikwa, mara nyingi hawakuwa nacho. Sheria ilimwuliza mtu mmoja mmoja, nao walikuwa na jawabu la watu wengi pamoja. Ilidai madai yaandikwe, nao walikuwa na kumbukumbu ya maneno. Kimya chao kiliandikwa kuwa ni kukosa haki, na wajukuu wao wakaitwa maskwota juu ya ardhi walikozaliwa. Neno hili tumelikopa kwa Kiingereza, na si ajabu kuwa tulilazimika kulikopa. Kiswahili kilikuwa na mwenyeji, mgeni na mpangaji. Hakikuwa na neno la mtu ambaye ni mwenyeji wa mahali lakini si mwenyeji wa daftari.

Katika miaka hiyo mawazo ya Robert Torrens, yaliyoanza kutumika Australia ya Kusini mwaka 1858, yalikuwa yameenea katika makoloni ya Kiingereza, nayo Kenya iliyafuata katika sheria yake ya mwaka 1919. Maana yake ni kuwa daftari la serikali lenyewe ndilo kweli. Karatasi aliyonayo mwenye shamba ni nakala ya yaliyomo katika daftari. Hii ndiyo safari ya pili niliyoitaja mwanzo. Waraka wa kadhi ulikuwa ukumbusho wa maneno ya mashahidi; hati ya Torrens ni kivuli cha daftari. Tangu wakati ule mtu aweza kuwa na karatasi safi katika kasha lake, na daftari likasema jambo jingine. Ndiyo maana imekuwa lazima kwenda ofisini kuuliza.

Haki ya kumiliki: tafsiri iliyozidi asili yake

Tanganyika ilifuata njia nyingine. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilisema kuwa ardhi yote ni ya umma chini ya usimamizi wa Gavana, na kwamba mtu hupewa haki ya kuikalia na kuitumia, kwa muda usiopita miaka 99. Mwaka 1928 sheria ilirekebishwa ili haki ya wenyeji waliokalia ardhi kwa mila zao itambuliwe pia. Ardhi chache zilizokuwa za umiliki usio na mwisho, nyingi zikiwa zimetokana na zama za Wajerumani, zilibadilishwa mwaka 1963 zikawa za kukodi kwa serikali, na baadaye zikaingizwa katika utaratibu ule ule wa haki ya kuikalia.

Hapa mtaalamu wa lugha hana budi kusimama. Neno la Kiingereza lililotumika katika sheria lataja kukaa, kushika mahali, halitaji kumiliki. Lakini Kiswahili cha ofisi na cha mitaani kimelifanya kuwa haki ya kumiliki, na karatasi yake ikaitwa hatimiliki. Shina la miliki lina nguvu nyingi: ndilo shina la maneno ya mamlaka, kama vile milki na ufalme wa maliki. Mwananchi aliyepewa hatimiliki huamini kuwa amepewa ardhi moja kwa moja. Sheria yenyewe yasema kuwa amepewa haki juu ya ardhi ya umma, ambayo Rais ameshika dhamana yake kwa niaba ya raia wote, na kwamba haki hiyo ina masharti na aghalabu ina mwisho. Sidai kuwa tafsiri ni mbovu. Pengine imeeleza matumaini ya watu vizuri kuliko sheria ilivyoeleza. Lakini tofauti kati ya kukalia na kumiliki ni tofauti ambayo mtu huigundua siku ya kubatilishiwa haki yake, na siku hiyo kamusi haimsaidii.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Issa Shivji ilichunguza mambo ya ardhi ya Tanzania Bara kati ya 1991 na 1992. Baada yake zilitungwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, ambazo zilianza kutumika Mei 2001. Miongoni mwa misingi iliyotajwa ni kuwa kanuni za ardhi ziwekwe kwa namna itakayoeleweka kwa urahisi na raia wote. Sheria ya vijiji ilileta hati ya haki ya kimila, itolewayo na halmashauri ya kijiji, na masjala ya ardhi katika kijiji chenyewe. Kwa mara ya kwanza daftari lilirudi karibu na ulimi: mwombaji, mjumbe wa halmashauri na jirani wa mpakani hujuana kwa majina, na husemezana kwa lugha wanayoijua.

Zanzibar ilikuwa na historia yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya umma, na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Nyaraka za kale za mauzo na rehani zilipoteza nguvu nyingi za kisheria, lakini hazikupoteza thamani yake. Nyingi zimo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, idara iliyoanzishwa mwaka 1956, nazo ni chemchemi ya habari za majina, nasaba, bei na mitaa, ambayo mwanafunzi wa lugha hawezi kuipata mahali pengine.

Majina katika faharasa

Sasa nije kwenye tatizo ambalo, katika kazi ya kutafuta hati, huwashinda watu kuliko ada au foleni. Ni tatizo la majina.

Waraka wa kadhi ulimtaja mtu kwa jina lake, la baba yake, la babu yake, na mara nyingi la kabila lake. Karani wa Kiingereza alizoea jina la ukoo liwekwe mwisho na faharasa ipangwe kwa hilo. Basi Hamisi bin Juma aliwekwa wapi? Karani mmoja alimweka katika H, mwingine katika J, na wa tatu, aliyeandika Khamis, alimweka katika K. Watu watatu walizaliwa katika daftari kutokana na mtu mmoja. Vivyo hivyo Athumani ni Othman na ni Uthman. Fatuma ni Fatma na ni Fatima. Herufi za Kiarabu hazionyeshi irabu zote, kwa hiyo aliyezigeuza kuwa za Kirumi alikisia, na kila mmoja alikisia kwa sikio lake.

Wanawake walipata shida zaidi. Wengi waliandikwa kwa jina la baba tu, binti fulani, au kwa jina la mume. Baba akiwa na binti wanne, daftari halisemi ni yupi aliyerithi. Sheria ya Kiislamu ilimpa mwanamke fungu lake na haki ya kuuza na kununua kwa nafsi yake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 yasema kuwa haki yake ya kupata na kushika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Lakini haki isiyokuwa na jina katika faharasa ni taabu kuitafuta.

Juu ya majina zikaja nambari. Baada ya upimaji, shamba halijulikani tena kwa majirani wala kwa mwembe wa mpakani, bali kwa nambari ya kitalu na ya kiwanja. Nambari ni bora kwa usahihi, hilo halina ubishi. Lakini mtoto wa marehemu aja ofisini na jina la babu, jina la mtaa na majina ya majirani, na ofisi yamwuliza nambari. Kila mmoja asema kweli kwa lugha yake, na hakuna mkalimani.

Yaliyopo sasa

Haki ya kuuliza imekwisha kuwekwa katika sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 7 chakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 yasema kuwa ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Na mtu asiyeweza kuandika, ofisa ana wajibu wa kuliandika ombi lake. Jawabu latakiwa kutolewa kabla ya siku 21 kupita. Tanzania nayo ilitunga sheria yake ya kupata taarifa mwaka huo huo wa 2016, na mwaka 2021 sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Kwa habari ya ardhi hasa, sheria ya Kenya ya kuandikisha ardhi ya mwaka 2012, iliyofuta ile ya 1908 pamoja na nyingine za zamani, yamruhusu mtu alipe ada na kupata maelezo ya daftari juu ya kiwanja cho chote, pamoja na nakala zilizothibitishwa. Hati ikipotea, msajili hutoa tangazo na kungoja siku 60 kabla ya kutoa nyingine. Tarehe 27 Aprili 2021 ulizinduliwa mtambo wa Ardhisasa, ukianza na Nairobi, ili upekuzi ufanywe kwa kompyuta. Jina lenyewe ni la Kiswahili safi, nalo lapendeza. Hata hivyo kompyuta hulinganisha herufi kwa herufi. Yule Hamisi aliyeandikwa Khamis mwaka 1912 ataendelea kuwa Khamis katika mashine, ila makosa yake yataonekana kwa upesi zaidi.

Yatupasayo

Kutokana na hayo, naona kuwa wataalamu wa Kiswahili wana deni ambalo hawawezi kulihamishia kwa wengine. Nitataja mambo manne.

La kwanza ni kufundisha kusoma nyaraka. Vyuo vyetu hufundisha Kiswahili cha herufi za Kiarabu kwa ajili ya tenzi. Yafaa mafunzo hayo yaenee mpaka kwenye nyaraka za mauzo, rehani na wakfu, pamoja na Kiarabu kinachohitajika kwa kazi hiyo. Waandishi waliojua mtindo huo wanazidi kupungua, na waraka usiosomwa na mtu ni karatasi tu.

La pili ni kutengeneza orodha ya majina ya watu na ya mahali pamoja na tahajia zake zote: za makadhi, za Wajerumani, za Waingereza na za leo. Kazi hii ni ya fonolojia; kanuni zinazogeuza kh kuwa h na th kuwa s au t twazijua na twazifundisha. Zikitiwa katika faharasa za masjala, zitasaidia watu wengi kuliko makala kumi kama haya.

La tatu ni istilahi. Hatimiliki, cheti, hati ya kimila, barua ya toleo na leseni ya makazi si vitu vya namna moja, na nguvu zake hazilingani. Lakini mitaani zote huitwa hati, na watu hununua na kuuza kwa neno hilo moja. Vile vile hatimiliki ya ardhi na hakimiliki ya mtunzi huchanganywa hata katika vitabu vilivyochapishwa. Kamusi zetu zieleze, pamoja na tafsiri ya kila neno, ni haki gani hasa iliyomo ndani yake na ni haki gani isiyokuwamo.

La nne lahusu ushauri wa kawaida kwa mtu atafutaye. Kabla ya kwenda ofisini na aandike majina yote ambayo marehemu aliitwa, na kila namna yaliyoweza kuandikwa. Mwaka aliopata mali. Majina ya majirani wa pande nne. Na kama upo waraka wa zamani, ausomeshe kwanza kwa ajuaye, atengeneze nakala, na asili yake aiweke. Yule jirani wa upande wa kibla, ambaye jina lake laonekana ni pambo tu katika waraka, huenda ndiye aliyeandikwa vizuri katika daftari, na kwa kumpata yeye, shamba la pili yake hupatikana.

Historia ya hati si hadithi ya maendeleo matupu wala ya dhuluma tupu. Daftari la serikali limewalinda wengi dhidi ya walaghai, na ushahidi wa ulimi ulikuwa na uongo wake. Lakini kila mara kweli ilipohamishwa, wako watu walioachwa nyuma kwa kuwa hawakujua lugha ya mahali ilikokwenda. Katika pwani ya Kenya watoto wao wangali wakitafuta. Wanapofika mbele ya kaunta, si haki wakute kuwa lugha yao wenyewe ndiyo pekee isiyoweza kuwafungulia daftari.